Ubingwa Unaoanzia Shimo la Kondo

 

Ujumbe wa leo umetoka kwa daktari kijana aliyepangiwa kazi huku kwetu Kishapu baada ya kumaliza mwaka wake wa utarajali. Anataka kusomea ubingwa wa patholojia ya watoto, pamoja na ile ya mimba na vichanga. Anauliza aanzie wapi. Mwishoni ameongeza kwamba wenzake wakimsikia wanamcheka, eti ana haraka gani ya kwenda mochwari.

Tuanze na hao wanaocheka. Wengi wetu tukisikia patholojia tunaona maiti, polisi na fomu ya mahakama. Hiyo ni pembe moja ya kazi, tena si kubwa. Siku nyingi mwanapatholojia anahudumia watu wanaopumua, ila wao hawamwoni. Mama akikatwa kinyama kwenye titi, mzee akitolewa kipande cha tezi dume, kile kinyama kinakwenda kwake, na daktari wa upasuaji hasogei mpaka jibu lirudi. Wa watoto naye ni hivyo hivyo, isipokuwa magonjwa anayoyasoma ni mengine kabisa. Mtoto wa miaka 3 aliyevimba tumbo huenda ana saratani ya figo ya aina ambayo kwa watu wazima ni nadra sana. Kichanga asiyepata choo tangu azaliwe hukatwa kinyama kidogo sehemu ya mwisho ya utumbo, iangaliwe kama seli za neva zipo. Zisipokuwepo, sehemu ile haisukumi kitu, na mpasuaji anajua cha kuondoa. Mtu aliyezoea kusoma vinyama vya wazee tu anaweza kuvipita vitu hivi bila kuvitambua.

Kisha kuna upande wa pili wa ubingwa huu, na huo ndio ninaotaka kukaa nao leo: mimba iliyoharibika, mtoto aliyezaliwa mfu, njiti aliyeishi siku mbili, na kondo la nyuma.

Kituo cha afya chenye wodi ya wazazi huwa na shimo la kondo. Mnalijua: limefunikwa kwa zege, lina bomba la kutolea hewa, limekaa nyuma huko watu wasikopita. Mkunga akishahakikisha kondo limetoka lote, hakuna kipande kilichobaki tumboni mwa mama, linaingia kwenye ndoo, na kutoka kwenye ndoo linakwenda shimoni. Ni kanuni nzuri ya kuzuia maambukizi, siikosoi. Lakini mtoto akizaliwa mfu, kondo lake nalo linafuata njia ile ile, wakati lile kondo limeishi na mtoto miezi yote, limekula alichokula na limeugua alichougua. Ndilo shahidi pekee aliyekuwa ndani, na tunamzika kabla hajahojiwa.

Miaka niliyofanya kazi maabara nimeyaona machache yaliyobahatika kufika mezani. Kondo linakuja kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, limezama kwenye formalini, sehemu moja ya formalini kwa tisa za maji. Unalitoa, unalisuuza, macho yanakuwasha. Unakata utando pembeni, unakata kitovu, ndipo unalipima: la mimba iliyotimia huwa karibu nusu kilo. Unautazama mkato wa kitovu na kuhesabu matundu. Yawe matatu, mawili madogo ya ateri na moja kubwa la vena. Ukikuta mawili tu, unaandika, kwa sababu ateri moja ikikosekana mara nyingine na figo au moyo wa mtoto una kasoro. Unautazama utando: ukiwa wa kijani, mtoto alijisaidia akiwa bado tumboni, ukiwa na ukungu na harufu, kuna maambukizi. Unaligeuza upande wa mama. Damu iliyoganda ikiwa imebonyeza shimo, kondo liliachia kabla ya wakati. Halafu kisu kirefu, unalikata vipande kama mkate. Mabaka magumu yaliyopauka yanaonyesha mahali damu ilipoacha kufika, na hapo unamfikiria mama mwenye presha na kifafa cha mimba.

Hayo ni ya macho matupu. Vipande vidogo vinakwenda kwenye nta, vinakatwa kwa unene wa mikroni 4 hivi, vinatiwa rangi ya zambarau na ya pinki, vinawekwa chini ya darubini. Kwa Kanda yetu ya Ziwa humo kuna habari nyingi. Malaria iliyojificha kwenye kondo huacha chembe nyeusi hata kama kipimo cha damu ya mama kidoleni kilisoma hakuna kitu. Seli za damu ya mama zikiwa zimejipinda kama mundu, unajua ana selimundu au amebeba nusu yake, na Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, wengi wao upande huu wa ziwa. Kaswende nayo inalifanya kondo livimbe na kupauka. Yote matatu yana dawa au namna ya kuyakabili kabla ya mimba inayofuata. Kwa hiyo kondo la mtoto aliyefariki linamtibu mdogo wake ambaye bado hajatungwa.

Takwimu za afya za nchi yetu za mwaka 2022 zinasema katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 43 hufariki kabla ya miaka 5, na 24 kati ya hao hawafikishi mwezi. Zaidi ya nusu wanaondoka ndani ya mwezi wa kwanza. Waliozaliwa wafu hawamo katika hesabu hiyo. Dunia nzima wanakadiriwa kuwa milioni 1.9 kwa mwaka. Hospitali zetu zina vikao vya kujadili vifo vya akina mama na vichanga, jambo jema sana, lakini keti kwenye kikao kimoja usikie sababu zinazoandikwa: kukosa hewa, njiti, haijulikani. Kukosa hewa ni namna mtoto alivyofariki. Kilichomnyima hewa kipo nyuma yake, na mara nyingi kimo ndani ya lile kondo.

Sisi Wasukuma tunajua kuandika uzazi ndani ya jina. Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ndiye aliyewafuata, Kashinje alitanguliza miguu. Aliyezaliwa mfu mara nyingi hana jina, hana matanga, hana hata karatasi. Na kifo kisicho na karatasi kinatafutiwa mtu. Nalisema hili nikiwa mwenyeji, si mgeni wa kutusema vibaya: mkoa wetu wa Shinyanga na jirani zetu tumebeba kwa miaka mingi aibu ya mauaji ya vikongwe, wanawake waliotuhumiwa uchawi kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928 na haikuyazuia. Ukizifuatilia tuhuma hizo, mara nyingi unakuta mwanzo wake ni mtoto aliyefariki ghafla au mimba zilizoharibika mfululizo. Sisemi darubini ingemaliza ushirikina. Nasema mama aliyepoteza mimba tatu, akiambiwa na daktari kwamba ni kaswende na sindano yake hii hapa, ana jambo la kufanya kesho zaidi ya kwenda kwa mganga kuulizia nani amemroga.

Sasa daktari wangu, hesabu yenyewe. Shahada ya udaktari umeshamaliza, miaka 5, na utarajali mwaka 1. Hakikisha usajili wako wa Baraza la Madaktari Tanganyika ni kamili, si wa muda. Hatua inayofuata ni shahada ya uzamili ya patholojia ya anatomia. Muhimbili, ambako mafunzo ya udaktari yalianza 1963, inafundishwa kwa miaka 3. Mwanza hapo Bugando kuna idara inayopokea vinyama kutoka kanda nzima, na kuna wodi ya watoto wenye saratani. Nenda kaulize nafasi, kaulize na kama unaweza kukaa nao wiki chache za likizo yako ukiangalia tu. Kwa nchi za Afrika Mashariki, Kati na Kusini kuna pia chuo cha pamoja cha wanapatholojia, COPECSA, chenye mitihani yake.

Utakachosomea hapo ni patholojia ya jumla. Ya watoto inakuja juu yake, kama ubingwa bobezi, na kwa hiyo itabidi ufunge safari. Marekani wanamaliza patholojia ya jumla kwanza, kisha mwaka mmoja wa watoto peke yake, na mtihani. Uingereza wanasoma ya jumla miaka michache ya mwanzo, halafu wanahama moja kwa moja kwenda kwa watoto na vichanga, nako mtihani ni wa peke yake. Karibu zaidi ni Cape Town. Chuo Kikuu cha huko na Hospitali ya Watoto ya Red Cross wana mpango ulioanza 2007 wa kuwapa madaktari wa nchi nyingine za Afrika ubingwa wa watoto kwa makubaliano kwamba warudi kwao. Hao ningewaandikia kwanza.

Neno moja ambalo hutalikuta kwenye matangazo ya nafasi: usingoje ufike huko ndipo uanze watoto. Ukiwa bado kwenye uzamili, tasnifu yako iwe ya kondo, au ya vivimbe vya watoto. Wanaochagua wanafunzi wanapokea barua nyingi za wanaoupenda ubingwa huu. Wachache mno ndio wanaoweza kuandika kwamba wamefungua makondo 200 ya Kanda ya Ziwa na kueleza walichokikuta.

Na fedha? Wewe ni mtumishi wa halmashauri, kwa hiyo jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri na upate ruhusa ya mkurugenzi kwa maandishi. Wako waliopata nafasi chuoni wakakwama kwenye barua. Wizara ya Afya ina ufadhili wa ubingwa na ubingwa bobezi uliopewa jina la Rais Samia. Uombe. Kwenye upasuaji na magonjwa ya akina mama foleni ni ndefu, patholojia ni fupi, na hilo ni faida yako. Ufupi huo una sababu. Mwanapatholojia hana kliniki ya jioni ya kuongezea mshahara, hana mgonjwa wa kumletea kuku wa shukrani. Nafasi za kazi ziko hospitali za rufaa za mkoa, kanda na taifa. Kishapu hutarudi na darubini yako ukaajiriwa kesho yake. Utakaa Mwanza au Dar es Salaam, na Kishapu itakufikia ndani ya ndoo.

Wenzako wakisema kazi hii haijawahi kufanyika upande wetu, waambie wavuke ziwa. Mwaka 1957 mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya. Baadaye akamwona mwingine Jinja, akaanza kuwatafuta. Jina lake ndilo lililobaki kwenye saratani ile, na alistahili. Ila waliosema ni ugonjwa gani ni wanapatholojia wa Mulago, Jack Davies na Gregory O'Conor. Kampala ilikuwa na daftari la saratani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950. O'Conor alikaa chini akapitia vivimbe vya watoto vilivyohifadhiwa, akaonyesha kwamba vingi vilivyokuwa vimepewa majina tofauti ni kitu kimoja, saratani ya mfumo wa limfu. Mwishoni mwa 1963 kinyama kimoja kikarushwa kwenda London. Ukungu ukaifanya ndege itue Manchester, chupa ikafika imechafuka, na mtu mwingine angeimwaga. Anthony Epstein aliiweka chini ya darubini akaona seli zinaelea zikiwa hai. Hizo ndizo zilizoweza kukuzwa, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kirusi cha kwanza kujulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani hiyo ya taya bado tunayo huku, na mtoto akiwahi inatibika kwa dawa.

Upande wa Geita kuna swali linalomngoja mtu kama wewe. Wachimbaji wadogo wanakamatisha dhahabu kwa zebaki, pale mwaloni, na wakichoma donge lile mvuke unapanda. Akina mama wapo pale pale, wengine na mimba, wengine na watoto mgongoni. Zebaki inapita kondo. Tulilijua hilo kutokana na mji wa Japani uitwao Minamata, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini na watu wakala samaki. Ugonjwa uliripotiwa 1956. Akina mama wenye dalili hafifu walizaa watoto wenye ulemavu mkubwa, na madaktari wakashikilia kwamba si sumu, kwa kuwa siku hizo iliaminika kondo linazuia sumu. Mpaka 1962, baada ya watoto waliofariki kufanyiwa uchunguzi wa ubongo, ndipo ikakubalika. Baadaye daktari Masazumi Harada akagundua kwamba ushahidi ulikuwa majumbani: Wajapani wana desturi ya kukausha kipande cha kitovu cha mtoto na kukitunza kwenye kisanduku. Vikapimwa, zebaki ikaonekana, mwaka kwa mwaka. Sumu ya Minamata ilitoka kwenye samaki, ya mwaloni kwetu zaidi ni mvuke, kwa hiyo majibu ya kule hayawezi kubandikwa huku. Ndiyo maana yanahitajika ya kwetu, na vitovu vyetu viko shimoni.

Kuna ugumu mmoja ambao vitabu havitakufundisha: kuomba ruhusa. Liverpool, Uingereza, kuna hospitali ya watoto ya Alder Hey. Mwaka 2001 ripoti ya uchunguzi ilionyesha kwamba viungo vya watoto waliofariki vilikuwa vimehifadhiwa humo kwa miaka bila wazazi kujua. Wazazi walikuwa wamezika watoto wasio kamili. Sheria ikabadilishwa 2004. Ubingwa wenyewe ukabaki na jina baya, wataalamu wakaendelea kuwa wachache, hata tangu 2019 familia za Ireland ya Kaskazini zinazotaka kujua mtoto wao amefariki kwa nini zinamsafirisha kuvuka bahari. Anapelekwa hiyo hiyo Alder Hey. Jambo hilo linaniambia mambo mawili: aliyesomea kazi hii ana soko popote duniani, na imani ya mzazi ikivunjika haiungwi kwa sheria peke yake.

Kwetu kumwomba mama ruhusa ya kumpasua mtoto wake, saa ile ile aliyompoteza, huku shangazi na bibi wanadai mwili wakazike kabla jua halijazama, ni jambo zito, na mimi binafsi sitamlaumu anayekataa. Njia nyepesi ipo. Kisumu na Siaya, Kenya, kuna mradi unaochukua vinyama vidogo kwa sindano kwenye ubongo, mapafu na ini la mtoto aliyefariki, mwili ukarudishwa kwa familia bila kupasuliwa. Sindano anaweza kufundishwa fundi sanifu. Kusoma kilichotoka kunahitaji bingwa, na hapo tunarudi kwako. Kondo nalo halina ugomvi mkubwa. Zungumza na mama, zungumza na bibi, waeleze linakwenda wapi na kwa nini. Kama kwao linazikwa, mwulize mwanapatholojia mapema kama litaweza kurudishwa.

Kwa hiyo Jumatatu usianze na chuo, anza na mkunga kiongozi wa wodi ya wazazi. Mkubaliane makondo gani mtayazuia yasiende shimoni: la mtoto aliyezaliwa mfu, la njiti, la mama mwenye kifafa cha mimba. Nenda maabara uhakikishe formalini ipo. Nimeshawahi kupokea ndoo kutoka hospitali moja, kondo limewekwa kwenye maji ya chumvi siku nne kipindi cha joto, na hapo hakuna bingwa wa Cape Town wala London atakayekusaidia. Formalini iwe ya kutosha kondo kuogelea, chombo kiwe na mdomo mpana, jina liandikwe kwenye ndoo na si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Piga simu Bugando kwanza uwaulize kama watapokea na gharama ni kiasi gani, ili mama asije akadaiwa asichokijua. Halafu fomu. Andika umri wa mimba kwa wiki, uzito wa mtoto, mimba ya ngapi, zilizopotea ngapi, presha, majibu ya kaswende na malaria, kazi ya mama, na kama anashinda mwaloni useme. Fomu nyingi zinazofika kule, kwenye sehemu ya historia ya mgonjwa, zimeandikwa neno moja tu: kondo.